Kodi Analipa Nani

Hati yangu ya mshahara ilifika kortini kabla yangu.
Nilipoingia niliikuta mezani, imekunjuliwa:
namba yangu ya kiwanda cha blanketi, zamu za usiku,
makato ya ushirika, makato ya bima,
na kule chini kabisa kile kinachobaki,
ninachokijua mimi na Mungu na mwenye duka wa Free Area.

Sikumzaa Gathoni.
Alipozaliwa nilikuwa Keroka, nachuma chai ya mjomba,
sijui kama kuna mtu duniani aitwaye Muthee
anayeziba redieta kule Shabab huku akipiga mluzi.

Lakini wakili wa Wangeci, kijana mwenye tai ya zambarau,
aliinua karatasi yangu kwa vidole viwili
kama mtu anayeokota soksi:
"Mheshimiwa, nyumba hii ina mishahara miwili."
Wakili wetu akasimama. Mke huyu hakumzaa mtoto.
Wajibu ni wa mama na baba,
hauvishwi mtu pamoja na pete.
Hakimu akaandika. Akaandika tena.
Nje upepo wa Menengai ulibamiza dirisha,
askari akaenda kulishika kwa mkono.

Nilifurahi, nisiseme uongo.
Nikasema moyoni: haya, yamekwisha.
Jasho langu lina mwenyewe.

Ndipo akaniuliza, bila kuinua kichwa:
"Bi. Kerubo, kodi ya nyumba analipa nani?"

Swali dogo. Swali la jirani anayeazima kiberiti.
Lakini Muthee alikuwa amekwisha kuapa, ukurasa wa tatu,
aya ya saba: kodi, elfu tisa, nalipa mimi.
Nilimwona akiangalia viatu vyake.
Nikaviangalia nami.
Vilikuwa vipya.

Nikakumbuka Aprili, Gathoni alipokuja likizo kutoka Njoro
na viatu vilivyokatwa mbele kwa wembe
ili vidole vipate pa kukaa.
"Ni mtindo," aliniambia.
Ana miaka tisa. Tayari anajua
kuwafichia watu wazima aibu yao.
Nilipima mguu wake kwa uzi mnene wa kiwandani,
nikaufunga fundo pale kisigino kilipoishia,
nikautia mkobani. Sikununua.
Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, na tena
nilijiambia: ana mama, ana baba.
Uzi ule ulikuwa mkobani hata siku hiyo ya korti.

"Mimi," nikasema. "Tangu tuoane. Na stima. Na maji."

Hakimu alieleza polepole, kama mtu anayepima unga:
Mshahara wa mama huyu ni wake. Siugusi hata ndururu.
Ila mzigo aliomtua mumewe
umeliacha bega la mumewe tupu,
na bega tupu lina nafasi ya mtoto wake.
Kutoka elfu nne hadi elfu saba na nusu,
kila tarehe tano. Karo, nusu kwa nusu.

Kwa hiyo hawakuchukua shilingi yangu.
Walichukua kivuli chake tu.
Nimejaribu kumweleza dada yangu tofauti hiyo kwa simu;
akasema, kivuli hakiendi safari peke yake.

Ngazini Wangeci alinipita. Hakunishukuru.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno
asijue kama aseme au aondoke.
Muthee alitangulia hadi Bondeni bila kugeuka.
Usiku alikula ugali wake, akanyamaza,
kisha akauambia ukuta:
"Ungesema tu hujui."

Sikujibu. Nilikuwa na zamu, nafunga kamba za viatu.

Leo ni tarehe nne. Ameketi kitandani anahesabu noti,
analamba kidole, anahesabu tena.
Kodi nayo inadaiwa kesho.
Hajauliza analipa nani.